Tumbo la Mama Ulimi

Bwenini, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya bwenini, ambako mmoja akipiga chafya karibu na mlango, kitanda cha mwisho kinaitikia. Baba alikuja juzi kuniletea sabuni na habari zako. Alizieleza kwa ufupi, unamjua kaka yako. "Shangazi yako ametapika damu kazini. Alilazwa. Ametoka." Kisha akaniuliza kama nina kalamu za kutosha.

Sikuweza kumuuliza zaidi, kwa hiyo nilikwenda maktaba. Kuna kitabu kinene cha afya ya nyumbani, chenye jalada la kijani linalobaki mikononi ukikishika. Kinasema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, hasira na pilipili. Mgonjwa anywe maziwa, apumzike, na asibishane na watu. Nimekunakilia ukurasa mzima, uko humu ndani. Shangazi, tafadhali usibishane na watu. Najua kazi yako kiwandani ni kuonja chai na kuwaambia wenyewe kwamba ni mbaya, lakini labda ungewaambia taratibu.

Baba alisema jambo moja zaidi akiwa ameshafungua mlango wa gari. Daktari amekuambia damu ikitoka tena huenda ukapasuliwa. Tangu siku hiyo nasoma mstari mmoja mara tatu na hauingii. Nijibu, hata kwa maneno mawili.

Mwanao,
Konokono


Nyumbani, 21 Februari

Konokono wangu,

Marahaba, na hayo mafua yakuache usome. Sisi tupo. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua, hasa panapotokea vyombo vya kuosha. Kuku mmoja ameamua kutagia kwenye kapu la nguo safi na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Baba yako alipiga simu tukaongea muda wa birika moja kuchemka. Kwake hiyo ni hotuba.

Ukurasa wako ulifika, ila kwa bahati mbaya ulipokelewa na Bibi. Miaka yote mama yangu anasema vidonda vyangu vinatokana na hasira, na sasa ana ushahidi kutoka maktaba. Ameubandika ukutani jikoni. Nikisema chumvi imezidi, ananyoosha mwiko. "Soma pale. Usibishane." Nakunywa uji wa maziwa asubuhi, mchana na jioni. Hata paka ameacha kuniomba.

Lakini daktari ana habari nyingine. Alinipitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, akaangalia. Kidonda hakiko ndani ya tumbo lenyewe. Kiko pale tumbo linapofungukia utumbo mwembamba. Akanyofoa kinyama kidogo tumboni, wakakipima, wakakuta mdudu. Ni bakteria. Anaitwa Helikobakta, jina la mcheza mieleka kabisa. Nikamwambia, "Daktari, mimi nina hasira, muulize mama yangu." Akasema, "Hasira baki nazo, mama. Sisi tunamtafuta huyu mpangaji."

Sasa nimechanganyikiwa. Kabla ya hapa nilishapewa vidonge vya kupunguza asidi mara mbili, nikapona mara mbili, na kidonda kikarudi mara mbili. Safari hii kwenye vidonge hivyo wameongeza aina mbili za dawa za kuua bakteria, asubuhi na jioni, wiki mbili. Vile vya asidi nameza. Hizo nyingine ziko kabatini. Kitabu chako kinasema mawazo, daktari anasema mdudu, na wewe ndiye msomi wa ukoo. Nimsikilize nani? Nitaanza nikipata jibu lako, na daktari asisikie.

Shangazi yako


Bwenini, 1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Bibi pia shikamoo yake. Mafua yamehamia kitanda cha jirani. Mtihani wa jiografia nimeufanya vizuri, wa hesabu tuuache.

Tafadhali, kwanza kabisa, bandua ule ukurasa ukutani. Nilirudi kukitazama kile kitabu na kumbe kimechapwa kabla Baba hajazaliwa. Wakati huo hata madaktari waliamini ni mawazo. Sikuangalia mwaka. Mimi ninayewasahihisha wenzangu koma, sikuangalia mwaka.

Kisha nilikwenda kwa Muuguzi wa shule. Ukweli ni kwamba nilifika mlangoni nikarudi, nikafika tena nikajifanya nasoma tangazo la chanjo. Mwishowe yeye mwenyewe akatoka. "Wewe, hilo tangazo utalihitimu. Ingia." Nikaingia nikamweleza. Akaniuliza kama ni mimi ninayeumwa, nikasema ni shangazi, akasema kila mwanafunzi ana shangazi wa namna hiyo. Ilibidi nimwonyeshe barua yako.

Alinifafanulia hivi. Tumbo lina asidi ya kusaga chakula, na lina ute unaolilinda lisijichome lenyewe. Bakteria huyu anakaa ndani ya ute huo. Anauharibu, na anaweza kulichochea tumbo litoe asidi kupita kiasi. Asidi hiyo ikimwagikia mwanzo wa utumbo mwembamba, inachimba kidonda. Vidonge vya asidi peke yake vinaponya kidonda, ni kweli, lakini vinamwacha mdudu. Muuguzi alisema ni kama kupiga deki chini ya paa linalovuja. Sakafu inakauka kabisa, mpaka mvua nyingine. Mdudu akiondolewa, kidonda kinapona na kwa watu wengi hakirudi tena.

Kwa hiyo daktari yuko sahihi. Anza leo. Na Muuguzi alinisisitizia neno moja akinishika bega: maumivu hukoma mapema kuliko mdudu anavyokufa. Umalize zote, hata ukijisikia mzima.

Mwanao mwenye aibu ya kitabu,
Konokono


Nyumbani, 16 Machi

Konokono wangu,

Wote wazima hapa. Bibi amebandua ukurasa wako lakini ameukunja na kuutia kwenye blauzi, anasema vitabu hubadilika na huenda hiki kikarudi. Kuku ameangua. Kapu la nguo sasa ni mali ya ukoo wake.

Dawa nilizianza tarehe kumi, mara tu barua yako ilipofika. Tumbo limeanza kutulia, lakini mdomo ni balaa. Moja ya hizi dawa inafanya kila kitu kiwe na ladha ya msumari. Chai msumari, ndizi msumari, hata mate yangu mwenyewe msumari. Kazini nimekaa mbele ya safu ya vikombe, nikavuta kijiko kwa ule mlio unaowachekesha watoto, nikaizungusha chai mdomoni, nikatema ndooni, na sikuwa na la kusema. Mwonjaji mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Kikohozi kwa sababu hukohoa kabla ya kukupinga, alinitazama. Hakukohoa. Hilo lilinitisha zaidi. Wanunuzi wakubwa wanakuja wiki hii, na hao wanakuja kusikiliza ulimi wangu.

Barua hii nilikuwa sijaipeleka posta, naendelea leo, 21 Machi. Mwanangu, laiti ungekuwepo. Wanunuzi walikuja jana. Tulipanga vikombe vyeupe safu tatu chini ya dirisha, Bwana Kikohozi akatangulia, akavipitisha vyote. Nami nikafuata. Kikombe cha tano nikasimama. Moshi. Mdogo sana, kama nguo ya mtu aliyepita karibu na jiko siku iliyotangulia. Nikasema, "Hii imekaukia kwenye moshi." Kikohozi akakohoa mpaka akashika meza. Wakaenda kulifungua lile tanuri la kukaushia, wakakuta bomba lina ufa unaoweza kupitisha kidole. Mnunuzi mmoja akanipa mkono na kusema ndiyo maana wananiita Mama Ulimi.

Tumbo kimya. Nimekula maharage. Nimshukuru nani kama si wewe?

Shangazi yako mwenye furaha


Bwenini, 2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa mvua imetufungia ndani na tumecheza karata mpaka malkia wamefutika sura. Mwalimu wa lugha amesoma insha yangu mbele ya darasa, nikajificha chini ya dawati kutafuta kifutio ambacho hakikudondoka.

Nimefurahi kuhusu bomba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na hapa ndipo pananisumbua. Ulianza dawa tarehe kumi. Tarehe kumi na sita hata mate yako yalikuwa msumari. Tarehe ishirini ukaonja moshi mdogo ambao Bwana Kikohozi hakuuonja, na bado dawa zilikuwa zimebaki za siku kadhaa. Nilimuuliza Muuguzi kama ile ladha huondoka yenyewe katikati. Akasema kwa kawaida inaondoka dawa zikiisha.

Mimi ni mtoto, Shangazi, na wewe ni dada wa baba yangu. Sijui mtu wa umri wangu aulizeje jambo kama hili. Naomba tu unieleze ule moshi ulipenyaje kwenye misumari.

Konokono


Nyumbani, 29 Aprili

Konokono wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Bibi amepoteza miwani, tukaitafuta nyumba nzima, kumbe ameivaa. Vifaranga wamefika kimo cha kuudhi. Jirani amepaka ukuta wake rangi ya machungwa na sasa sebule yetu jioni inang'aa kama tuna sherehe. Baba yako alikuja, akala, akasema "Haya", akaondoka.

Bomba la tanuri limebadilishwa.

Hongera kwa insha. Jifunze kukaa juu ya kiti wanapokusifu.

Shangazi yako


Bwenini, 8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Watu wote hawajambo.

Barua yako ina miwani, vifaranga na ukuta wa jirani. Haina tumbo. Kwa miaka yote uliyoniandikia hujawahi kuacha kulitaja tumbo lako, hata kwa kulitukana.

Nina maswali mawili. Ulimaliza dawa? Je, maumivu yamerudi?

Sijamwambia Baba. Anakuja kututembelea mwisho wa mwezi, na safari hii naona ninaweza kuanza mazungumzo mimi.

Konokono


Nyumbani, 5 Juni

Konokono, wewe mtoto,

Hatujambo, na acha kuninyima salamu ndefu, zinanipa muda wa kujipanga.

Sikumaliza. Niliziacha siku mbili kabla ya wanunuzi kuja. Tumbo lilikuwa limetulia, nikasema nimepona, hizi zilizobaki ni za kumfurahisha mwenye duka la dawa. Ladha ikarudi siku ileile ya wanunuzi, na nikaonja moshi, na nikapewa mkono. Ulipouliza nilikasirika, kisha nikaona haya, kisha nikakuandikia habari za kuku. Watu kiwandani hawajui jina langu la kuzaliwa, wanajua Mama Ulimi. Nikiondoa ulimi nabaki mama wa nini?

Wiki ile barua yako fupi ilipofika nilikuwa nimeanza tena kushtuka kwa maumivu yaleyale, chini ya kifua, njaa ikianza. Nikaisoma nimesimama. Kesho yake nikaenda kwa daktari. Hakunigombeza, alivua tu miwani akaifuta kwa muda mrefu, na hiyo nakwambia ni mbaya zaidi. Alisema mdudu aliyebaki hai baada ya dawa za nusunusu huenda amezizoea, kwa hiyo lazima tubadilishe. Safari hii ni dawa za aina nne, mara nyingi kwa siku, wiki mbili.

Nimeomba likizo. Ilibidi, maana dawa moja inageuza ulimi kuwa mweusi. Si ulimi peke yake, ila hayo mengine sitayaandika kwenye barua ya mwanafunzi. Daktari alinionya mapema nisije nikadhani ni damu. Bibi alipouona ulimi wangu aliketi chini. "Sasa huyo mdudu amejenga," akasema. Msumari nao umerudi, na umekuja na nduguze.

Wiki ya kwanza nilipita kiwandani kuchukua mwavuli wangu. Kikohozi alikuwa peke yake kwenye vikombe, anakohoa taratibu, anaonja vizuri tu. Chai ilikuwa inakauka, magari yanapakia. Hakuna kilichosimama. Nilirudi nyumbani nimenuna, kisha njiani nikajisikia mwepesi kidogo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kama kiwanda kinaweza kunisubiri, nami naweza kumeza.

Leo jioni ni dozi ya mwisho. Bibi amekaa mlangoni na glasi ya maji, hanipitishi.

Usimwambie Baba yako. Nimeshamwambia mimi. Akasema "Haya", lakini alisema mara mbili.

Shangazi yako, ulimi mweusi


Bwenini, 18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine tena ya kulipia zile nilizokunyima.

Baba alikuja. Nilijiandaa njia nzima kutoka darasani, nikafungua mdomo, naye akanitangulia: "Shangazi yako anameza." Tukakaa kwenye benchi kimya, tukala karanga, na nadhani sote wawili tulikuwa tunaongea.

Muuguzi anakusalimu. Anasema usikimbilie kupima. Ni lazima upite angalau mwezi baada ya dawa za bakteria, na zile za asidi uziache wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo kipimo kinaweza kusema mdudu hayupo kumbe amejificha. Najua kusubiri si fani yako. Anasema pia ladha itarudi. Nilimuuliza mara mbili kwa niaba yako.

Nasubiri nawe,
Konokono


Nyumbani, 14 Agosti

Konokono wangu,

Marahaba zote tatu. Baba yako anasema umerefuka, Bibi anasema ni sketi iliyofupika.

Nilisubiri kama ulivyosema. Wiki iliyopita wakaninywesha maji yenye dawa, nikakaa, kisha nikapuliza kwenye mfuko wa kupimia pumzi, kama mtoto anayepuliza puto siku ya kuzaliwa. Na kwa kuwa niliwahi kutoka damu, daktari akanipitishia tena ule mpira. Akaniita ofisini. Nilishika mkoba kwa mikono miwili. Akageuza kioo cha kompyuta nione. Pale palipokuwa na shimo jekundu pana kovu dogo jeupe, kama doa la chaki ubaoni. Mdudu hayupo. Nikauliza, "Na akirudi?" Akasema kumpata upya ukubwani si jambo la kawaida, na pasipo yeye kidonda hakina wa kukichimba, mradi nisimeze ovyo vidonge vya kutuliza maumivu kila mgongo ukiuma, maana navyo huchubua tumbo. Habari ya kupasuliwa imekwisha. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kidogo, halafu nikanunua chapati nikala mbele ya watu.

Ulimi umerudi rangi yake. Siku ya kwanza kazini kikombe kilichokuja mbele yangu kilikuwa kibaya, chenye ukakasi wa kukunja sikio, na sijawahi kufurahia chai mbaya namna ile. Nilisema kwa sauti. Kikohozi akakohoa. Tukabishana mpaka mchana, na tumbo halikusema neno.

Sasa sikiliza, kuna jipya. Daktari aliuliza kama kuna mwingine nyumbani anayesumbuliwa na tumbo. Bibi alikuwa amenisindikiza. Kwa miaka yote akimaliza kula husugua kifua na kucheua, na anasema ni sauti ya mtu aliyeshiba. Nikamtazama. Akatazama dari. Wakampima. Anaye, mwanangu. Kidonda hana, lakini mpangaji anaye, wa zamani labda kuliko mimi.

Amepewa dawa. Siku ya pili akatangaza amepona. Siku ya tatu nikakuta vidonge viwili kwenye chungu cha maua. Nikimsogelea na glasi ananiambia mimi ni nani wa kumfundisha mtu kumeza. Nimemletea daktari kwenye simu, amemuuliza daktari huyo ana watoto wangapi. Anasema atameza kwa sharti moja tu, aamriwe na yule mjukuu wake anayesoma, kwa maandishi, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta ule ukurasa wa kitabu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekikana.

Posta yenu ni konokono kuliko wewe, kwa hiyo nimempa barua hii dereva wa magari ya kiwanda anayepita huko. Atakungojea langoni mpaka umalize kuandika. Fanya haraka, na usianze na hali ya hewa.

Shangazi yako mzima


Langoni, 15 Agosti

Shangazi,

Nimefurahi mpaka mlinzi ameniuliza kuna nini, nikamweleza yote, na dereva pia, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri mwanawe. Sijui nimepatwa na nini.

Dereva amewasha gari. Humu ndani kuna karatasi ndogo ya Bibi. Msomee kwa sauti, kisha mpe aitie kwenye blauzi, mahali pa ule ukurasa. Inasema hivi:

"Bibi, shikamoo. Meza zote. Mjukuu wako."